Mkaguzi Hajala

Asubuhi hiyo kuku hakuingia chumba cha mbele. Siku zote, mlango ukishafunguliwa na fundi akiwa bado anatia mafuta cherehani yake, yule kuku alikuwa akiingia kwa hatua za polepole, anasimama chini ya meza ya kukatia, anazitazama pembe zote kwa jicho moja kisha kwa jicho la pili, halafu anatoka zake bila kuaga. Ndiyo maana wakamwita Mkaguzi. Jina alipewa na mke wa fundi, aliyesema hajawahi kuona ofisa anayewahi kazini namna ile.

Fundi hakuwa na mapenzi na kuku huyo. Kuku alikuja pamoja na mama mzazi wa fundi, siku mama alipoletwa kukaa nao kwa sababu alikuwa akisahau jiko linawaka. Mama alishuka na sanduku, mto na kuku. Sanduku hakuliulizia tena, wala mto.

"Mkaguzi amechelewa leo," fundi alisema, akikata uzi kwa meno.

"Labda amepewa likizo," mkewe alijibu kutoka uani. Aliporudi alikuwa amemkumbatia kuku kifuani, na kuku hakuwa akipigana. Manyoya yalikuwa yamemsimama, macho yamefumba nusu, na chini ya shingo palikuwa pamevimba, pagumu kama amemeza jiwe. "Fundi, hebu shika hapa."

"Sina nafasi ya kushika kuku. Suruali ya mwalimu inatakiwa leo."

"Nakwambia shika."

Akashika. Akaondoa mkono haraka, akaufuta kwenye paja.

Katika chumba cha ndani mama alikuwa ameketi mkekani, mbele yake chai na mkate. Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza humega kipande, humtupia Mkaguzi, humtazama mpaka ameze. Kisha humega cha kwake. Hivyo hivyo, kimoja kwa kimoja, mpaka sahani iwe nyeupe. Asubuhi hiyo mkate ulikuwa mzima na chai ilikuwa imeshika utando.

"Kula, mama," mkwewe alimwambia.

"Mkaguzi hajala."

"Mkaguzi anapumzika. Wewe anza tu."

"Mimi ni nani hata nianze kabla ya mkaguzi?"

Mke wa fundi alicheka, maana lilikuwa jibu zuri na aliyelitoa alijua kuwa ni zuri. Lakini chakula cha mchana pia kilirudi jikoni kama kilivyokwenda, na jioni, alipokichukua kile cha usiku hakijaguswa, hakuwa akicheka tena.

*

Ilibidi fundi mwenyewe aingie na bakuli. Aliketi mkekani, magoti yakilia, akachota kijiko.

"Mama, ni mimi. Fungua kinywa."

Mama alimtazama kwa adabu. Alijifunika vizuri kichwa kwa upande wa kanga, kama mtu aliyefumaniwa na mgeni. "Karibu, bwana mwenye nyumba," alisema. "Kama ni kodi, mwanangu ataleta. Ni fundi. Hana tabia ya kuwakimbia watu."

"Mwanao ndiye mimi."

Mama alimwangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtu mzima anayejidai kwa kitu kisicho chake. "Mwanangu ni kijana," alisema taratibu, asimuumize. "Hana mvi." Kisha akageukia kikapu alimolazwa kuku, akaanza kumwita kwa ulimi, tk, tk, tk, kwa sauti ambayo fundi aliikumbuka tangu utoto wake, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikimwita yeye kuja kula.

Alitoka na bakuli limejaa.

"Unamwonea wivu kuku," mkewe alisema.

"Nani kasema?"

"Uso wako."

Hakubisha. Tangu mama aje alikuwa akimfanyia kila analoweza kumfanyia, na jambo alilojivunia kuliko yote ni lile kopo. Mwanzoni mama alikuwa hatulii. Alikuwa akitoka hadi barabarani kutafuta nyumba yake, na siku moja akarudishwa na wauza mkaa, miguu mitupu. Ndipo fundi alipowaza: huyu mtu alinilea kwa sindano, akipinda pindo za watu mpaka macho yakamwuma, vidole vyake vinaujua uzi hata kama kichwa kimesahau. Akamtafutia kopo la maziwa la bati, akamwambia, "Mama, nisaidie kuokota nyuzi." Tangu siku hiyo hakutoka tena. Alishinda akitambaa polepole chini ya meza ya kukatia, kopo mkononi, Mkaguzi nyuma yake, na jioni sakafu ilikuwa haina hata unyuzi mmoja. Mkwewe alikuwa akimpigia makofi: "Leo mama umepasafisha kweli." Na fundi alikuwa akiwasimulia wateja habari za lile kopo, wakatikisa kichwa, wakasema ana akili.

*

Dada yake fundi alisikika kabla hajaonekana. Alikuwa muuza viatu vya mitumba, na sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na soko zima. Alimkuta wifi yake kwenye kigoda uani, kuku magotini, akimkanda shingo kwa mafuta ya kupikia.

"Wifi, unamkanda kuku? Mimi mgongo wangu huu nani anaukanda?"

"Lete na wewe, mafuta bado yapo."

"Huyo ana kideri. Mchinjeni mapema, mama apate mchuzi."

"Kuku mgonjwa, dada?" fundi aliuliza kutoka mlangoni.

"Basi mzikeni, mnialike mazishini." Lakini alipoingia ndani na kumwona mama yake, mzaha ulimwisha. Midomo ya mama ilikuwa imepasuka. Alikuwa akikubali maji tu, na maji yenyewe kwa kubembelezwa. Dada alijaribu kwa ndizi, akajaribu kwa maziwa, akajaribu kwa kufoka. Mama alimjibu kila mara kwa upole uleule kwamba Mkaguzi hajala.

Dada alitoka akijifuta macho kwa kiganja. "Kuku ni kuku," alisema. "Naenda sokoni."

Alirudi na kuku mwekundu, shingo nyeusi, mkia umekatika kidogo upande mmoja. Ungemweka kando ya Mkaguzi, ungeapa wametoka yai moja. Dada alikuwa amezunguka mabanda yote ya kuku kumpata huyo, amemkagua mpaka wauzaji wakamuuliza kama anamtafutia mchumba. Walimfuta vumbi, wakamficha yule mgonjwa jikoni, wakamtanguliza mwenzake ndani, wao wakifuata nyuma kama watoto wanaojua wametenda kosa.

"Mama, Mkaguzi huyu hapa. Kapona."

Mama alimtazama yule kuku kwa muda. Kuku naye alimtazama.

"Huyu nani?" mama aliuliza.

"Mkaguzi, mama."

"Huyu ni mgeni. Mpeni maji aende zake."

Dada alimsogeza kuku mbele kwa mguu, akitaka amkaribie mama. Kuku akapiga kelele, akaruka juu ya bega la wifi, akatua chumba cha mbele, akapanda meza ya kupigia pasi na kuacha haja yake katikati ya suruali ya mwalimu, ambayo ilikuwa imemalizika na kunyooshwa mstari. Wote watatu waliitazama suruali. Kutoka chumba cha ndani mama aliwasikia wamenyamaza.

"Hana adabu huyo," alisema. "Nilijua tu."

Dada alianza kucheka, na kicheko kikageuka njiani, akaketi chini mlangoni akalia bila sauti. Mke wa fundi aliloweka suruali kwenye beseni. Alipomaliza alisimama mbele ya mumewe, mikono inachuruzika maji.

"Kesho unampeleka kwa daktari wa mifugo."

"Nibebe kuku mmoja mpaka kule? Watu wanione?"

"Wakuone. Mama yako anakwisha hapa ndani na wewe unaogopa kuonekana na kikapu."

*

Ofisi ya mifugo ilikuwa na benchi refu na dirisha dogo la karani. Fundi aliketi mwisho wa benchi, kikapu magotini, amekifunika kwa kitambaa cha bitana ili kisijulikane kina nini. Kando yake palikuwa na mtu mwenye mbwa aliyevimba mguu, na mbele wafugaji waliofuata dawa za ng'ombe, wakizungumza kwa sauti ya watu wenye mali.

"Mgonjwa wako ni nani?" karani aliuliza zamu yake ilipofika.

"Kuku."

"Wangapi?"

"Mmoja."

Karani aliinua macho. "Wa mayai au wa nyama?"

Fundi alikaza kitambaa juu ya kikapu. "Wa mama," alisema.

Benchi zima lilicheka. Hata mwenye mbwa alicheka, ingawa alijitahidi kuficha. Karani alimtajia gharama, kisha akaongeza, si kwa ubaya, kwamba kwa pesa hiyo angepata kuku mwingine na nauli ya kurudia. Fundi alilipa. Pesa ilikuwa ya kununulia zipu na vifungo.

"Fundi?"

Alifahamu sauti kabla ya kugeuka. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na paka katika boksi la karatasi.

"Shikamoo, mwalimu," fundi alisema, ingawa walikuwa rika moja. Lilimtoka tu.

"Mimi nilipita kwako kuchukua suruali. Mke wako akaniambia itachelewa kidogo, nyumbani kuna ugonjwa. Nikasema pole. Nikasema nitakuombea."

Fundi alifunua kitambaa. "Ugonjwa ndio huu, mwalimu."

Mwalimu aliangalia kikapuni, akamwangalia fundi, na futi la kupimia nguo lililokuwa bado linaning'inia shingoni kwake. Kisha akalisogeza boksi lake ukutani na kuketi. "Wangu hakojoi," alisema kwa sauti ndogo.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye mikono mikavu, isiyo na haraka. Alimlaza Mkaguzi mezani, akambonyeza chini ya shingo, akafungua mdomo wake na kunusa.

"Si kideri," alisema. "Huu ni mfuko wa koo. Kuku anachomeza kinakaa hapa kwanza, kikilainika kinashuka. Huyu wake umeziba. Anaweza kula mchana kutwa, na hakuna kitu kitakachopita."

"Tumemkanda kwa mafuta."

"Mafuta hayatatosha. Lazima nimfungue. Wengine wanapona, wengine wanafia hapa mezani, na huyu mmemchelewesha. Ukitaka nimpumzishe bila maumivu, sema sasa."

"Mfungue."

"Basi mshike mabawa."

Alimchoma sindano ya ganzi, akang'oa manyoya machache, akapasua mahali padogo ambapo fundi angeweza kupafunika kwa kifungo cha koti. Kisha akaingiza koleo na kuvuta. Kilichotoka kilikuwa kama kamba iliyolowa. Akavuta tena. Kamba haikuisha. Ilitoka imesukwa, imefungana, inanuka kama pombe iliyochacha, na daktari akaiweka kwenye sahani ya bati na kuitenganisha kwa ncha ya koleo.

Fundi akaona kazi zake. Pale juu palikuwa na uzi wa buluu wa mashati ya shule, kazi ya juzi juzi tu. Chini yake kijani cha majoho ya kwaya. Kisha mweupe, mweupe mwingi, wa shela ya yule bibi harusi aliyelalamikia mikono. Chini kabisa, umegeuka kahawia, uzi wa kaki wa walinzi, na hiyo ilikuwa kazi ya kwanza aliyoshona baada ya kumpa mama lile kopo. Nyuzi zote zilikuwa zimeviringwa vidonge vidogo vidogo, ukubwa wa punje ya mtama. Alimjua mtu mmoja tu aliyeviringa uzi namna ile, kwa kidole gumba na cha shahada, kabla ya kuutupa.

"Hizi hakuziokota mwenyewe," daktari alisema. "Angalia zilivyoviringwa. Mtu amempa. Tena muda mrefu. Nani anamlisha kuku huyu?"

Fundi alikaza mikono kwenye mabawa. "Mimi," alisema.

Daktari alimwangalia, akaliangalia futi, akatikisa kichwa. Hakumgombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Alipoanza kushona, fundi alijilazimisha kutazama ukuta. Alishindwa. Daktari alishona ule mfuko kwanza, kisha ngozi, na kazi ilikuwa imara, lakini uzi alikuwa akiukaza mno na ngozi ikakunjamana.

"Unataka kusema kitu, fundi?" daktari aliuliza bila kuinua kichwa.

"Hapana, daktari. Endelea."

"Uji mwepesi tu, kidogo kidogo. Akila mpaka kesho, ana bahati. Asipokula, usimlete tena. Usijisumbue."

*

Kopo lilikuwa kwenye msumari wake, nyuma ya mlango. Mke wa fundi alilishusha na kulimimina mezani. Zilidondoka nyuzi chache ndefu na kipande cha utepe, basi.

"Kila jioni nampigia makofi," alisema. "Sikuwahi hata siku moja kuangalia ndani."

"Mimi nimewasimulia watu mji mzima," fundi alisema.

Dada alikuwa ameegemea mlango, yule kuku mgeni akiparuaparua miguuni pake. "Sasa mtamwambia?" aliuliza hatimaye.

"Nimwambie nini? Kwamba anampa sumu rafiki yake? Kesho atakuwa amesahau, leo atakuwa amelia," fundi alijibu.

"Basi asiokote tena."

"Afanye nini, wifi?" mke wa fundi aliuliza. "Arudi barabarani?"

Fundi alichukua ufagio, akafagia chumba cha mbele, akapiga magoti akafagia chini ya meza, kisha chini ya cherehani, kisha akapitisha kiganja katika nyufa za sakafu, mpaka alipoinuka kiganja chake kilikuwa chekundu kwa msuguo wa sakafu. Uchafu akaupeleka mwenyewe hadi jalalani, akaufukia.

Ndipo akambeba Mkaguzi na kumpeleka ndani.

Mama alikuwa amelala ubavu. Hakuwa na nguvu ya kuketi, lakini alipoona kile kikapu aliinuka kwa kiwiko, na fundi akamwegemeza ukutani. Mifupa ya bega lake ilikuwa myepesi kama tenga tupu. Akamweka kuku mapajani pake. Mke wa fundi alileta uji, bakuli la mama na kisahani cha kuku, akavitua na kubaki mlangoni na wifi yake.

Mkaguzi alisimama, akayumba, akaketi. Alitumbukiza mdomo katika uji, akainua kichwa, akaacha tone lidondoke. Kisha akafumba macho.

Vidole vya mama vilikuwa vimeufikia mshono. Viliupitia taratibu, mwanzo hadi mwisho, kisha vikarudi mwanzo.

"Nani kashona hapa?"

"Daktari, mama."

"Amevuta mno. Ngozi imekunjamana." Alisema hivyo kwa sauti ambayo hawakuisikia kwa muda mrefu, sauti ya mtu aliye kazini. "Mwanangu asingeshona hivi. Mwanangu anauachia uzi upumue."

"Ni fundi mzuri, huyo mwanao?" fundi aliuliza.

"Mzuri sana. Nilimfundisha mwenyewe." Alimpapasa kuku mgongo. "Ila hana nafasi ya kuja kuniona. Kazi zimemzidi."

"Atakuja."

"Ukimwona mwambie nipo."

"Nitamwambia, mama. Sasa kula uji."

"Mkaguzi hajala," mama alisema, akageuza uso.

Mlangoni dada alishika mkono wa wifi yake. Fundi alikaa na kijiko hewani. Alikuwa amefagia sakafu yote, lakini hakujifagia mwenyewe. Na fundi wa nguo hakosi nyuzi mwilini. Mama aliuona mmoja. Alinyoosha mkono, akautoa kwenye mkono wa shati la mwanawe uzi mweupe, mfupi, akauviringa kwa kidole gumba na cha shahada mpaka ukawa kidonge. Tk, tk, tk, akaita, akaupeleka kwenye mdomo wa kuku.

Fundi aliweka kiganja katikati.

"Nipe mimi, mama."

Mama alishangaa. Alimtazama usoni, akatazama kile kiganja, akamtazama tena, muda mrefu.

"Na wewe hujala?"

"Sijala."

"Tangu lini?"

"Tangu wewe uache kula."

Mama akaguna kwa masikitiko. Akakiweka kidonge cha uzi katikati ya kiganja cha fundi, akasubiri. Kuku alikuwa kimya mapajani pake, akipumua kwa shida. Fundi akapeleka mkono kinywani, akatafuna, akameza, huku mama yake akiangalia koo lake mpaka lilipopanda na kushuka.

"Haya," mama akasema, akavuta bakuli la uji karibu, akaanza kula.